Shajara ya mradi: vifuniko vya ndoo ya lita 20, mashine namba 4

Jumanne, 4 Machi

Mteja wetu wa rangi amerudisha kirikuu kizima cha vifuniko. Anasema ndoo ikifunikwa, upande mmoja unakubali na wa pili unafumuka. Wakizipanga tatu juu kwa juu, rangi inachuruzika. Dereva wake aliongeza la kwake wakati anashusha: "Injinia, vifuniko vyenu vina kiburi, ukikanyaga huku vinanyanyuka kule."

Nimekilaza kimoja kifudifudi juu ya kioo cha meza ya ukaguzi. Uso wake wa juu umetuna, kwa hiyo kimesimama kwa kitovu tu na ukingo unaning'inia. Nimepitisha fila geji (vibanzi vya chuma vya kupimia pengo): milimita 4.5. Tulikubaliana na mteja pengo lisizidi milimita 2.

Kwa kumbukumbu: materio ni HDPE (plastiki ngumu ya ndoo), kipenyo sentimita 31, unene milimita 2 usoni na 3 kwenye ukingo unaofunga, uzito unaotakiwa gramu 192. Moldi (kalibu ya chuma) ina tundu moja na geti lake, pa kuingilia plastiki, liko katikati. Mashine, inayosukuma plastiki iliyoyeyuka ndani ya moldi, inaifunga moldi kwa nguvu ya hadi tani 380. Hapo hatuna shida: uso wa kifuniko ni kama sentimita 755 za mraba, na hata moldi ikipata bar 300 kwa ndani, tani 231 zinatosha kuifunga.

Hukumu ofisini ilishatolewa kabla sijafika: ni shifti ya usiku. Nimeomba wiki tatu.

Jumatano, 5 Machi

Nimekaa na shifti zote mbili, saa nne mchana na saa nne usiku. Nimechukua vifuniko 30 kwa kila shifti. Vya mchana wastani wa pengo ni 3.9, vya usiku 4.6. Tofauti ipo, ila hakuna shifti inayotoa kifuniko kizuri. Basi hiyo hukumu ya ofisini naiweka kando.

Kilichonishtua ni karatasi za setingi. Mchana wanapoza sekunde 15, usiku 11. Opareta wa usiku hakuficha: "Injinia, bonasi inahesabiwa kwa idadi, haihesabiwi kwa kioo chako." Sina jibu la hilo.

Nimekuta pia kwamba presha ya kushindilia (ya kuongezea plastiki moldi ikishajaa) ya bar 70 inayotumika ilinakiliwa kutoka mashine namba 2. Skrubu ya namba 2, inayosukuma plastiki, ni nene kuliko ya namba 4. Presha inayoonekana kwenye kioo cha mashine ni ya mafuta ya haidroliki. Inayofika kwenye plastiki inazidi hiyo mara kumi hivi, na hizo mara zinabadilika kufuatana na unene wa skrubu na pistoni yake. Bar 70 ya huku siyo bar 70 ya kule. Kunakili setingi kati ya mashine mbili ni sawa na kuvaa miwani ya mwenzio kwa sababu fremu zinafanana.

Ijumaa, 7 Machi

Leo tumefanya jaribio la kujaza nusunusu. Nimeondoa kabisa presha ya kushindilia, nikapunguza kipimo cha materio, kisha nikakiongeza kidogo kidogo kila mara moldi inapofunguka. Cha kwanza kilitoka kama chapati ndogo, cha pili chapati ya kawaida, na kuendelea hivyo hadi ukingo. Nilitaka kuona kama plastiki inafika pande zote kwa wakati mmoja. Inafika. Kwa hiyo moldi haijahama katikati, na mzee wetu wa moldi, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekunja uso akidhani nimekuja kumshitaki, amekunjua na kuniagizia kahawa. Nikamkumbusha kwamba nimefunga. Akacheka, akainywa mwenyewe pembeni.

Ila tumeona kosa jingine. Mashine ilikuwa inasukuma kwa kasi mpaka tundu linajaa kabisa, ndipo inahamia kushindilia. Plastiki ikishakosa pa kwenda presha inaruka, moldi inapumua, na ndevu za plastiki iliyovuja zinaota kwenye ukingo. Wasichana wa meza ya mwisho wana malengelenge ya vidole kwa kukata ndevu hizo kwa wembe. Nimehamisha sehemu ya kubadilisha hadi asilimia 97 ya kujaa.

Kasi nayo nimeipandisha, kujaza kukashuka kutoka sekunde 2.6 hadi 1.8. Opareta aliogopa, akidhani presha itapanda. Imeshuka. Plastiki iliyoyeyuka haina tabia ya maji: ukiisukuma haraka inalainika zaidi. Nilijaribu kwenda 1.2, nikapata alama nyeusi ukingoni. Hewa inakosa muda wa kutoka, inabanwa hadi inapata moto, na inaunguza plastiki inayoifikia. Nimerudi 1.8.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya mizani. Nimeazima ya chumba cha ukaguzi, inayosoma sehemu ya kumi ya gramu.

Jaribio ni rahisi kiasi kwamba ninaona haya hatujawahi kulifanya: ongeza muda wa kushindilia sekunde moja moja na upime uzito. Sekunde 2, gramu 186.1. Sekunde 3, 188.4. Sekunde 4, 190.2. Sekunde 5, 191.3. Sekunde 6, 191.9. Sekunde 7, 192.0. Sekunde 8, 192.0 tena. Yaani geti linaganda kwenye sekunde ya 6 hivi, na baada ya hapo unasukuma ukuta.

Sisi tulikuwa tunashindilia sekunde 3. Skrubu inaachia, geti bado liko wazi, plastiki iliyokwisha kuingia inarudi nyuma. HDPE ikitoka kwenye ujiuji kwenda kwenye ugumu inapoteza zaidi ya moja ya tano ya ujazo wake, na kushindilia ndiyo nafasi pekee ya kufidia. Watu waliona vifuniko vyepesi, wakapandisha presha, ndevu zikaota, wakapandisha nguvu ya kufunga moldi. Kila mmoja alitibu kidonda cha mwenzake.

Nimeweka sekunde 6 na kushusha presha hadi bar 55. Dakika 20 baadaye nimepima: pengo 2.3. Nimempelekea bosi picha kwa WhatsApp. Amejibu kwa dole gumba.

Jumanne, 11 Machi

Ningeweza kuifuta picha ya jana ningeifuta. Vifuniko vilevile, kwenye meza ileile, leo asubuhi: 3.4.

Hili nililisoma chuoni na nikalisahau siku niliyolihitaji. HDPE haimalizi kunywea ikitoka kwenye moldi. Inaendelea kupanga fuwele zake kwa masaa, na sehemu kubwa ya kunywea huko hutokea katika siku ya kwanza. Kuanzia leo hakuna kipimo kinachoandikwa humu kabla kifuniko hakijalala masaa 24 mezani, kimoja kimoja, bila kurundikwa. Nimewaandikia kwa kalamu nyekundu. Bosi nimemwambia ana kwa ana.

Alhamisi, 13 Machi

Jana umeme ulikatika dakika 40, materio yakaungua ndani ya bareli (silinda ya kuyeyushia), tukatapisha kilo kadhaa. Hakuna cha maana zaidi kwa jana.

La leo ni la futari. Saa kumi na mbili na nusu jioni mashine zote zinasimama kama dakika 20, na ni haki. Lakini namba 4 ikiwashwa upya, vifuniko kumi vya kwanza vinatoka na rangi ya njano kwenye geti. Plastiki imekaa kwenye joto ikipikika. Tumekubaliana kushusha hita hadi 180 kabla ya kwenda kufuturu na kutupa kumi za mwanzo bila kubishana. Dogo wa krasha amelalamika kwamba hizo kumi zitarudi kwake. Kweli zitarudi, na mabaki ya kusagwa yatakuja kutusumbua siku nyingine: sasa hivi yanachanganywa kwa ndoo, "moja kwa nne", na ndoo yenyewe kila mtu anaijaza anavyojua.

Jumamosi, 15 Machi

Leo ndiyo siku ya mradi huu.

Nilikuwa nimebaki na swali moja: kwa nini kifuniko kinatuna juu na siyo chini? Plastiki hupindia upande uliochelewa kupoa, kwa sababu upande huo unaendelea kunywea wakati mwenzake ameshakakamaa. Kama uso wa juu umetuna, basi tumboni ndiko kulikochelewa. Tumboni kunagusana na dume, yaani upande wa moldi uliochomoza; uso wa juu unagusana na jike, upande wenye shimo.

Tumesimamisha mashine katikati ya uzalishaji na kugusisha kipimajoto cha waya. Jike nyuzi 36. Dume nyuzi 61.

Nimerudia mara tatu. Kisha nikashika bomba la maji linaloingia kwenye dume: vuguvugu, nyuzi 29, kama maji yetu yote ya mnara wa kupozea. Nikashika linalotoka. Mkono haukuvumilia. Nyuzi 47.

Hatuna mita ya mtiririko. Tumechomoa bomba la kutokea la jike, tukakinga kwa ndoo ya lita 5 na saa ya simu: sekunde 36. Tukafanya hivyo kwa dume. Opareta akachuchumaa na ndoo yake. Sekunde 36 zikapita, maji hayajafika hata robo ya ndoo. Dakika moja. Mbili. Mzee wa moldi akasogea, akaanza kuhesabu kwa sauti kama wanavyohesabu raundi za bao. Ndoo ilijaa kwa dakika 4 na sekunde 10. Ni lita 1.2 kwa dakika, wakati mwenzake anapata lita 8.3.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Kisha opareta wa usiku, ambaye alikuwa amekuja kuchukua mshahara tu, akasema: "Kwa hiyo mwaka mzima nilikuwa natukanwa kwa sababu ya bomba."

Jumatatu, 17 Machi

Tumefungua. Njia za maji za dume zina kipenyo cha milimita 10, lakini tochi haioni upande wa pili. Chokaa. Kisima chetu ni cha chumvi, kama visima vingi vya Dar, na maji yakizunguka na kuvukizwa kwenye mnara chumvi inabaki na kuzidi kukolea. Inakwenda kuganda pale penye joto kuliko pote, yaani ndani ya dume. Chokaa ikikaa, dume linapata joto zaidi, na joto likizidi, chokaa inaganda zaidi.

Dawa: asidi ya ndimu ya unga, ile wanayonunua watengeneza juisi. Kilo 2 kwa lita 20 za maji ya nyuzi 60, pampu ndogo ya bustani, mipira miwili, na kuzungusha. Povu lilianza ndani ya dakika moja na maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa. Tumezungusha masaa manne, tukamwaga, tukaweka mapya masaa mawili, kisha maji yenye magadi kuua asidi, kisha maji safi. Mzee wa moldi alitaka asidi ya betri kwa kuwa "inamaliza kazi haraka". Ingemaliza na chuma. Tulibishana kidogo kwa heshima zote, na yeye mwenyewe ndiye aliyeshika pampu hadi jioni.

Ndoo ya lita 5 sasa inajaa kwa sekunde 34.

Jumatano, 19 Machi

Maji ya dume: yanaingia 29, yanatoka 33. Uso wa dume 40, jike 35. Pengo baada ya masaa 24: milimita 1.9. Setingi nyingine sijagusa.

Tuko ndani ya kipimo, kwa tundu la sindano. Siku ya joto kali tutatoka nje tena.

Alhamisi, 20 Machi

Bosi amesema basi tutumie chila (mashine ya kupoza maji), ipo imekaa tu. Tumeiunganisha na moldi nzima kwa nyuzi 10. Vifuniko vilitoka vizuri hadi futari. Tuliporudi, moldi ilikuwa imeloa kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Mvua za masika zinakaribia, hewa ya hapa imejaa maji, na chuma chochote kikishuka chini ya nyuzi 24 hivi lazima kitoe jasho. Mashine ikiwa kazini plastiki inaipasha moldi na jasho halionekani. Ikisimama na maji ya chila yakaendelea kupita, linamwagika. Vifuniko vya kwanza vilikuwa na michirizi, na kwenye pini nimeona kutu changa.

Uamuzi: jike libaki kwenye maji ya mnara, dume peke yake liende kwenye chila, tena siyo kwa 10. Na valvu ya chila ifungwe kila mashine inaposimama. Tumefunga bango jekundu kwa waya kwenye valvu hiyo.

Jumatano, 26 Machi

Siku mbili za majaribio zimekwisha. Nilikuwa na vitu vinne vya kuchezea, kila kimoja kwa viwango vitatu: joto la plastiki (210, 225, 240), presha ya kushindilia (45, 55, 65), muda wa kupoza (9, 11, 13), maji ya dume (14, 18, 22). Ukijaribu kila mchanganyiko ni mara 81, na hakuna bosi wa kukupa mashine kwa mara 81. Nimetumia jedwali la L9 lililoenezwa na Mjapani Taguchi, ambalo linakupa majaribio 9 yaliyopangwa hivi kwamba kila kiwango kinakutana na kila kiwango cha vingine mara moja. Gharama yake ni kwamba vitu viwili vikishirikiana kwa siri, jedwali halikuambii. Ndiyo maana lazima kuwe na jaribio la kuthibitisha.

Kila jaribio tumetupa 15 za mwanzo, tukachukua 5. Vifuniko 45 vimelala mezani usiku kucha vikiwa na namba, na mlinzi ameapa hakugusa hata kimoja.

Wastani wa pengo: maji ya dume 22, milimita 1.6, 18, 1.1, 14, 1.0. Presha 45, 1.6, 55, 1.1, 65, 1.0, lakini kwa 65 ndevu zimerudi. Kupoza 9, 1.4, 11, 1.2, 13, 1.1. Joto la plastiki: 1.2, 1.2, 1.3.

Huo mstari wa mwisho nimeusoma mara mbili kwa raha. Kwa miaka dawa ya kila kitu hapa kiwandani imekuwa "ongeza joto". Kwa tatizo hili joto la plastiki halina habari nasi. Nimeliacha 225 kwa sababu tu kwa 210 rangi ya masta (punje za kutia rangi) haichanganyiki vizuri, inaacha mistari.

Nimechagua 225, bar 55, sekunde 11, maji 18. Sekunde 11 ndizo za opareta wa usiku. Nimeona bora nimwambie mwenyewe kabla hajaambiwa na wengine.

Ijumaa, 28 Machi

Kuthibitisha. Jana tumetoa vifuniko 200 mfululizo, leo nimepima 20 vilivyookotwa hovyo katika hivyo. Hesabu ya jedwali ilitabiri 0.9. Wastani umetoka 1.0, kibaya kuliko vyote 1.4.

Mzunguko mzima wa shifti ya mchana umeshuka kutoka sekunde 26.6 hadi 24.8, ingawa kushindilia kumeongezeka sekunde 3. Ni zaidi ya vifuniko 100 vya ziada kwa shifti ya masaa 12. Nimehakikisha skrubu inamaliza kuvuta materio ndani ya sekunde 9, vinginevyo hizo 11 zingekuwa za kwenye karatasi tu.

Alhamisi, 10 Aprili

Sikukuu zimepita, kazi imerudi. Rejekti zilikuwa 14 kwa kila mia mwezi uliopita, wiki hii ni 3, na mbili katika hizo tatu ni za uchafu mweusi unaotoka kwenye mabaki ya kusagwa.

Kulifunga kabati la setingi kwa nambari ya siri tulijaribu. Nambari ilijulikana kabla ya chakula cha mchana. Badala yake nimebandika kwenye mashine karatasi isiyo na setingi hata moja. Ina matokeo: kujaza sekunde 1.8, kifuniko gramu 192, akiba ya materio mbele ya skrubu milimita 8, maji ya dume yasipande zaidi ya nyuzi 4 kati ya kuingia na kutoka, lita 5 kwa sekunde zisizozidi 40. Opareta akiona kimoja kimehama, anaita. Ndoo ya lita 5 sasa ina msumari wake ukutani, na kila Jumatatu inashushwa.

Bonasi bado inahesabiwa kwa idadi. Nimeandika barua, haijajibiwa.

Alhamisi, 17 Aprili

Opareta wa usiku amenipigia saa kumi alfajiri: akiba imeshuka kutoka 8 hadi 5, na uzito unacheza kati ya 190 na 192. Amesimamisha mashine mwenyewe, hakugusa presha.

Tumevua skrubu asubuhi. Pete ya mbele, inayozuia plastiki isirudi nyuma wakati wa kusukuma, imelika upande mmoja mpaka ina ukali wa kisu. Mpya kutoka nje itachukua wiki sita. Fundi wa leti pale mtaa wa Gerezani ameipima, akaizungusha mkononi, akasema anaweza kuichonga. Nimemwambia chuma lazima kichomwe kiwe kigumu, kisije kikaisha ndani ya mwezi. Amesema nirudi Jumanne, nije na pete ya zamani na kipande cha bareli cha kupimia.